Tarishi wa Kambi ya Juu

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimepewa sehemu. Siyo niliyoitaka.

Katekista Simoni alituita baada ya misa. Wao walikuwa misani, mimi nilikuwa nje nimekaa juu ya matofali nasubiri, maana mimi ni Mwislamu wa Singida na kikundi chao cha maigizo wameniingiza kwa ajili ya koo langu tu. Shambani mimi ndiye ninayewaita wachumaji wa kahawa waje kula, na wananisikia mpaka bondeni. Katekista anasema sauti kama hii ni dhambi kuiachia makande peke yake.

Igizo kaliandika mwenyewe. Linaitwa Mlango wa Nyuma. Tajiri mmoja, Bwana Shibe, anafanya karamu, nje mvua inanyesha. Mara anaingia Tarishi kwa mlango wa nyuma. Hajulikani katumwa na nani. Anaanza kuwauliza matajiri majina ya watu wao. Mlinzi anaitwa nani? Anayewafulia anaitwa nani? Kila wasipojua, Tarishi anaondoa sahani moja mezani. Mpaka kinabaki kitambaa.

Sasa — kila mtu anataka kuwa Bwana Shibe! Kwa nini? Kwa sababu Katekista kasema karamu ni ya kweli. Nyama ya kweli, jukwaani, mbele za watu. Walijitokeza wanaume wote na wanawake wawili. Kashinda Josephati fundi pikipiki, kwa kuwa kitambi anacho tayari na kikundi hakina mto wa kumfunga tumboni.

Germana ni mke wa Shibe. Remigius ni mlinzi: anasimama mlangoni mwanzo hadi mwisho, hana hata neno moja. Mimi ni Tarishi. Ninaondoa nyama, sili hata mfupa! Nimeuliza kama Tarishi anaruhusiwa kuonja kabla ya kuondoa. Katekista kasema mjumbe wa haki haonji.

Nikasema basi angalau nyama iwe halali. Kakubali haraka. Mwenye bucha ni Mwislamu hata hivyo.

Jumatano, 9 Julai

Mazoezi. Nyama bado, tunatumia maharage. Josephati anakula kabla sijauliza swali! Nikifika kwenye sahani ya tatu nakuta naondoa sahani tupu. Katekista kamwambia tajiri halisi hali hivyo, hana haraka, anajua chakula hakimkimbii. Josephati kasema yeye amesoma tabia ya njaa peke yake, ya shibe hajafundishwa.

Maneno yangu ya mwisho nayapenda. "Sikutumwa kukuhukumu. Nimetumwa kukuuliza." Leo nimeyasema kutwa nzima nikipalilia. Nyapara Yohana kaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 11 Julai

Leo siyo siku ya utani, ila ngoja nijaribu.

Wamekuja watu na kamba na vigingi vyenye rangi nyekundu. Wamevipiga huku kwetu Kambi ya Juu. Kimoja kipo katikati ya bustani yangu ya mchicha. Mzungu mmoja alikuwa anarusha kile kindege cha kamera, kuku wote wakajificha chini ya vitanda.

Hizi nyumba zetu ni mistari miwili ya vyumba vya mbao, juu kabisa ya shamba, zinapakana na msitu wa hifadhi. Usiku nyati wanakuja kula kabichi bila hodi. Baridi ya huku haina adabu. Lakini ukisimama mlangoni unaona Karatu yote mpaka kule kunakofifia. Sisi hatutazami, tuna ndoo kichwani. Kumbe kuna watu wanalipia kutazama! Dereva wa trekta kasema Bosi, Bwana Patrisi, anataka kuweka hapa mahema ya watalii. Kila hema na beseni lake la kuogea, nje, juu ya sakafu ya mbao. Kuoga nje, kwenye baridi hii! Kweli pesa inaharibu akili.

Na sisi? Dereva hajui. Yohana hajui, au anajua na anatafuna tu mswaki wake.

Mama Eva ndiye jirani yangu, ametoka Mbulu akiwa msichana, na ndiye mkongwe wa kambi nzima. Magoti yamekufa, siku hizi anachambua maharage ya watu. Mumewe amezikwa hapo nyuma, chini ya miti ya kivuli. Kaketi akakitazama kigingi muda mrefu. Akaniuliza: mwanangu, watamhamisha na yeye, au yeye atabaki na watalii?

Nilicheka. Halafu nikaingia ndani nikalia, tena kwa hasira.

Nani atamuuliza Bosi? Anapita na gari vioo vimefungwa. Yohana hapeleki neno juu, analeta la kuja chini tu.

Jumapili, 20 Julai

Onyesho la kwanza. Ganako, uwanja wa kigango. Aibu tupu!

Watu walijaa. Karamu ikaanza, Josephati akashika paja la mbuzi kwa mikono miwili. Kelele! Kadri anavyokula ovyo ndivyo wanavyompenda. Alipopiga mbweu kwa shibe, mama mmoja akainuka na vigelegele, akaja akicheza, akambandika noti kwenye paji la uso. Basi ndiyo ikafunguliwa milango. Wakaja mmoja mmoja, wanamtunza! Soda. Kitambaa cha kichwa. Baba mmoja kamtunza muwa.

Mimi nimeingia kwa mlango wa nyuma, nimeloweshwa maji ya ndoo ili nionekane nimenyeshewa, natetemeka kikweli kabisa. Nikapaza: "Bwana Shibe! Mlinzi wako anaitwa nani?" Mtu akaniambia, we dada, sogea hapo, unatuziba.

Nilipoondoa sahani ya kwanza walinizomea. Mtoto akalia. "Mwache ale!" ndiyo waliyonipigia, uwanja mzima. Watu ambao wenyewe wanavunja mawe na kupalilia mashamba ya wenzao! Wanamwonea huruma Shibe!

Germana anafurahi, naye alitunzwa pini za nywele.

Jumatatu, 21 Julai

Josephati kapita na pikipiki leo akapiga honi. Anajiita Bosi sasa. Nimemtukana kwa Kinyaturu, akanishukuru.

Jumapili, 27 Julai

Naandika leo ya jana. Jana nilikuwa siwezi.

Tulikwenda Nainokanoka, ndani ya hifadhi huko juu, na pikapu ya parokia. Ukungu mpaka ndani ya masikio. Tulipangiwa kucheza nyuma ya viduka vya pale, kwenye majani. Watu walikuja kwa miguu, wengine kutoka mbali sana, wakakaa na shuka zao, kimya. Mwenyekiti wa kigango cha huko, Sankale, akawa anatafsiri kwa Kimaasai.

Josephati kaanza vituko vyake vya Ganako. Kapiga mbweu. Hakuna aliyecheka. Kapiga tena, kwa sauti zaidi. Mzee mmoja akamtazama kwa wasiwasi, nadhani alifikiri ni mgonjwa.

Nikaingia. "Mlinzi wako anaitwa nani?" Josephati: "Ah, huyu? Huyu... mrefu mrefu huyu." Sankale akatafsiri. Weee! Kimya kilichoshuka pale sijawahi kukisikia. Kisha akasimama mzee mwenye fimbo, Moloimet. Hakuwa na hasira. Akauliza kwa utaratibu: huyu anayesimama mlangoni amelinda miaka mingapi? Katekista akajibu toka pembeni, tisa, mzee, lakini — Mzee akarudia: miaka tisa. Kwenye baridi? Ndiyo, kwenye baridi. Na huyu hajui jina lake?

Basi. Igizo limekwisha, baraza limeanza. Kila mtu kapewa nafasi ya kusema, kwa zamu, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Mmoja kasema mtu asiyejua jina la mchungaji wake hana ng'ombe, ana nyama tu inayotembea. Mama mmoja kamletea Remigius chai ya maziwa pale mlangoni. Mlango wenyewe ni vijiti viwili na kanga ya Germana! Remigius, ambaye kwenye igizo hana hata neno, kaulizwa jina, ukoo, kwao ni wapi, watoto wangapi. Kajibu yote.

Katekista kajaribu: wazee wangu, huu ni mchezo tu. Moloimet akamjibu, na Sankale alitafsiri polepole tusikose hata kidogo: "Tunajua ni mchezo, macho tunayo. Lakini mmetoka mbali mkatuletea kesi. Sasa tufanyeje? Tuipigie makofi, halafu twende tukalale?"

Wakamtoza Bwana Shibe mtamba mmoja, apewe mlinzi. Josephati kasema jamani mimi fundi pikipiki, sina hata kuku. Wakanong'ona. Wakasema basi aanze na radhi, mtamba atafuata Mungu akipenda. Josephati akaomba radhi. Alisimama akamgeukia Remigius, akamwita kwa jina lake. Nyama mbele yake ikapoa, hakuigusa!

Sikufika hata kwenye sahani ya pili. Na ndilo onyesho zuri kuliko yote tuliyowahi kufanya.

Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Halafu nikamsikia Josephati anamuuliza Remigius, eti kweli una mapacha? Wapo kikundi kimoja tangu kikundi kianze.

Nimeamka leo nimejaa kiburi. Neno linaweza! Likisemwa mbele ya watu wanaojua kusikiliza, linaweza kumsimamisha mtu aombe radhi. Nimetoka nje nikakichungulia kile kigingi kwenye mchicha, nikakionya.

Alhamisi, 31 Julai

Habari! Ukumbi mpya wa parokia mjini Karatu unafunguliwa tarehe kumi. Tunaigiza sisi. Mgeni rasmi — Bwana Patrisi! Bosi! Mabati yote ya ukumbi katoa yeye.

Atakaa kiti cha mbele. Hana kioo cha kufunga. Hana pa kwenda mpaka igizo liishe.

Katekista naye kalifikiria hilo hilo, ila kutoka upande mwingine. Kaniita pembeni. Tufupishe kidogo, Stumai. Bwana Shibe awe tajiri wa nchi ya mbali. Pale kwenye majina tuseme jina moja tu, yatosha. Na mwishoni Tarishi ashukuru wafadhili.

Nikamwambia: Tarishi anaondoa sahani za watu halafu anawashukuru kwa vinywaji? Akashika kichwa. Akasema kitu kwa Kiiraqw ambacho hakimo kwenye sala yoyote. Kisha kwa Kiswahili: haki ni nzuri, binti yangu, lakini mabati ni mabati.

Nikaitikia. Ndiyo, Katekista. Huku moyoni naandaa langu.

Mama Eva nimemwambia. Kwamba siku hiyo nitamuuliza Bosi mwenyewe, mbele ya parokia nzima. Alitafuta nguo yake ya Pasaka hapo hapo.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianzie na viti? Viti vilikuwa vya plastiki, cha Bosi tu ndicho kilikuwa sofa. Sofa limebebwa kutoka nyumbani kwa Paroko.

Igizo likaenda. Josephati katulia, tangu Nainokanoka hali tena kama fisi. Remigius mlangoni. Ikafika zamu yangu. Nikauliza lile swali moja nililoruhusiwa, nikaondoa sahani moja. Katekista akanipa ishara, sasa shukrani.

Nikashuka jukwaani.

Nikaenda mpaka kwenye sofa. Ukumbi mzima ukawa kama umemeza kitu. Nikasimama mbele yake nikiwa nadondosha maji juu ya viatu vyake, nikapaza koo langu lote: "Bwana Patrisi! Juu kabisa ya shamba lako kuna mama amekuchumia kahawa tangu ujana wake mpaka magoti yakafa. Mume wake amezikwa huko. Umempigia kigingi mlangoni. ANAITWA NANI?"

Niliona kidevu chake. Nakuapia kilicheza! Alitazama kulia, akatazama kwa mkewe. Hakujua. Kila mtu aliona hajui. Nikahesabu moyoni, sasa, sasa hivi —

Akacheka.

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Akainuka. Akasema kwa sauti, "Huyu! Huyu ni msanii!" Akanibandika noti kwenye paji la uso. Akachukua ule mgolole mwekundu aliokuwa amevishwa na wazee asubuhi, akauvua, akanivisha mimi. Emsii akapiga kelele muziki, muziki! Vigelegele. Mke wa Bosi akaja akicheza. Wakafuata kina mama wa kwaya, wazee wa parokia, walimu, foleni mpaka mlangoni, wananitunza. Katekista alicheza! Mwenyewe, na ile suti!

Nilikuwa bado nasema. Nilisema, hajajibu! Jamani, hajajibu! Wakadhani ni sehemu ya wimbo, wakaitikia: hajajibu, hajajibu, na makofi.

Na Mama Eva. Kaletwa na watu wawili wakimshika mikono, na nguo yake ya Pasaka. Anatokwa na machozi ya furaha. Akaniambia sikioni: Bosi kasimama kwa ajili yako, mwanangu. Kasimama!

Jumatatu, 11 Agosti

Wanasema mjumbe hauawi. Kweli. Anavishwa mgolole.

Una joto, huo mgolole. Nasema ukweli. Jana ni mara ya kwanza tangu Juni nimelala bila soksi.

Leo shambani wananiita Staa. Kila mtu ana simulizi ya jinsi Bosi alivyocheka. Nimewauliza watu watano, je, alitaja jina? Wote wamefikiri kwanza. Mmoja kasema nadhani alitaja. Nilitaka kumpiga na ndoo.

Ila nikiwa peke yangu kwenye mistari ya kahawa nilijikuta natabasamu. Huyu ni msanii! Kasema mbele ya Paroko. Mimi, mtoto wa mpiga tofali wa Singida. Nimejikanya. Nikatabasamu tena.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeitwa ofisini kwa Bosi. Sijawahi kupita hata lile geti la maua.

Nilivua buti mlangoni, soksi ina tundu, dole gumba limetoka kusalimia. Nyapara Yohana alikuwemo, amekaa ukingoni mwa kiti. Shikamoo Bosi. "Marahaba, Tarishi! Njoo, njoo kaa. Uliniweza, ee? Uliniweza kweli." Tarishi huku, Tarishi kule. Mezani kuna sahani ya biskuti.

Anataka tuigize lojini kwake kila Alhamisi, kwa wageni. Wageni wanapenda mambo ya utamaduni. Maneno yapunguzwe, nyimbo ziongezwe, lakini mimi nibaki, wazungu watapenda ile ya maji. Nitaacha kupalilia. Nitapewa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi wa loji, kule chini. Chumba cha matofali. Maji ya moto yanatoka ukutani! Nilimwuliza mara mbili, ukutani?

Halafu kasema, kuna jambo dogo.

Watu wa Kambi ya Juu watoke ifikapo mwisho wa mwezi. Mahema yanaanza kujengwa. Waende wapi? Kila mtu ana kwao, kasema, hii siyo nchi ya wakimbizi. Sasa Yohana akiwaambia itakuwa makelele. Lakini wewe, Tarishi, watu wanakusikiliza. Una lugha. Utawapa habari kwa utaratibu, hata watapiga makofi.

Nikauliza kama kuna barua. Wakatazamana. Yohana akasema karatasi zinazaa kesi.

Nikasema, na yule mama wa magoti? Bosi akafinya macho, akampigia Yohana vidole: "Yule bibi... yule... naye huyu anaitwa nani?" Yohana akamwambia. Akasema, haya, huyo mpe blanketi.

Kazi yangu ni kuondoa sahani. Ilikuwa hapo mbele yangu, ya udongo, ina maua pembeni. Nilikula biskuti mbili.

Sikusema ndiyo. Nilisema asante, Bosi. Naona kwake ni neno lile lile.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Katekista. Nilitaka anikataze. Kasikiliza mpaka mwisho, akawa mdogo kwenye kiti. Kasema ataliombea.

Nikamwambia: kule Nainokanoka uliona. Kaniambia, wale ni wao na wazee wao, Stumai. Sisi tuna nani? Akainuka. Alinipa ndizi za kubeba.

Josephati kasema angekuwa yeye angechukua chumba na angewaambia watu wasitoke. Vyote viwili. Fundi huyu ana akili kuliko sisi au hana kabisa, sijajua.

Remigius, mtu ninayemwamini sana, kasema: usiwasemee kwa ile sauti. Ukitaka kusema sema kama mtu. Ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia.

Jumamosi, 16 Agosti

Yohana ametangaza tangu jana kwamba leo saa nne Tarishi ana neno uwanjani. Mjanja! Hakusema neno gani.

Wamekuja wote. Nawaona kwenye ufa wa mlango. Wametoa vigoda na magunia ya kukalia. Watoto wanacheza Bwana Shibe, wanapokezana gunzi la muhindi kama paja la mbuzi. Mtu katandika kanga mbele kabisa, mahali pa kusimama mimi. Wanadhani nimewaletea igizo, kwa kuwa wengi walikosa nauli ya kwenda mjini siku ile. Dada wa chumba cha mwisho kapaka mafuta watoto wake.

Mimi niko ndani, nimekaa kitandani na hiki kidaftari. Nimewaambia najitayarisha.

Naweza kusema alivyosema Bosi. Naweza kuwaambia msitoke, kaeni, tuone trekta litampita nani. Kisha kesho mimi ndiye wa kwanza kutolewa, bila chumba cha juu wala cha chini. Naweza kupita dirishani, nikafika stendi, nikaamkia Singida kwa mama, nikamwambia nimeachana na sanaa. Dirisha ni dogo. Nimelipima.

Nikasema ngoja nijaribu, nione kama mdomo unakubali. Nikasimama. "Ndugu zangu wa Kambi ya Juu. Tumekula pamoja, tumezika pamoja. Sikutumwa kuwahukumu. Nimetumwa kuwaambia, mwezi huu ukiisha..." Na nikaendelea mpaka mwisho. Kwa koo lile lile. Sauti ilipanda mahali pa kupanda, ikavunjika mahali pa kuvunjika, tena bila kuilazimisha.

Imetoka vizuri. Mungu anisamehe, imetoka vizuri kuliko siku yoyote ya mazoezi! Nilisisimka mwenyewe. Na hilo ndilo linaloniudhi.

Ukuta wetu ni mbao, na mbao zina nyufa. Mama Eva bado yumo chumbani kwake, anasubiri wa kumshika mkono waje wamtoe. Kaita.

"Stumai! Hiyo ni mpya?"

Nikakaa tena kitandani.

"Nzuri, mwanangu. Inachoma. Hiyo itawaliza." Kakohoa. Nimesikia anajivuta na kigoda chake karibu na ukuta. "Ila mwishoni umeshusha sauti. Hao watu wanaohamishwa, wanakwenda wapi?"

Anagonga mbao. Anasema nirudie kuanzia hapo.